Hata Mama Akikuita

2 Machi 2016

Leo nimeanza shule tena. Mimi Paskazia, niliyeishia darasa la saba kule Muleba, nimeingia darasani Dubai, na somo lenyewe ni kunyamaza. Mama yangu angesikia angecheka mpaka ashike mbavu, maana nilikuwa nachapwa kwa mdomo mrefu.

Darasa liko Al Ras, juu ya ghala la ndimu kavu na tende. Mwalimu ni Ustadhi Shakir, Mwiraki mwembamba mwenye vidole virefu kama vya mkamua maziwa. Anachofundisha kinaitwa maigizo bubu. Ukutani kabandika picha kuukuu za vijana wa Ulaya wa miaka mia iliyopita, nyuso zimefunikwa vitambaa vyeupe, mikono ndiyo inayoongea. Anasema hao ndio babu zake. Mwalimu wao aliwafunika uso ili mtu asijifiche nyuma ya sura, mwili useme wenyewe. Mmoja wao, uzeeni, alimfundisha mzee aliyemfundisha yeye. Walizunguka vijijini kuipigia debe sanaa yao na wakatupiwa viazi. Halafu sinema ikaanza kuzungumza, basi, wakasahauliwa. Ustadhi anataka kuifufua hapa, ndani ya moli.

Aliniokota nikifagia ghala la chini. Akauliza, "You can stand?" Nikamjibu, "Sir, tangu nifike nchi hii nimekaa lini?" Akacheka. Bataka hakuuliza. Kitambulisho hicho sina tangu nilipotoroka kwa madam na mimba yangu ya miezi minne; sasa ni haliwali, mtu asiye na kafeel, mdhamini wa kazi. Lakini sanamu haiulizwi bataka. Inapakwa rangi ya dhahabu, inasimama, watu wanapiga picha.

Irene wangu anakaribia miaka mitatu. Alizaliwa bafuni mwa flati hii hii ya Karama, mwenzangu wa flati, Proscovia, akampokea kwa taulo. Hana cheti, hana pasi, jina lake liko midomoni mwetu tu. Baba yake Faustine alisema anakwenda Muleba kupeleka posa kwetu. Labda anaipeleka kwa miguu.

Mimi naomba kitu kimoja tu: siku ya kutoka hapa, tutoke tumeshikana mikono, yeye na mimi.

5 Machi

Shingo inauma. Tumesimama asubuhi nzima na vitambaa usoni. Kijana mmoja Mfilipino kaanguka kama gunia.

9 Machi

Mvua ya ajabu. Karama imegeuka bwawa, magari yanaelea kama masufuria. Radi ilipopiga, Irene alilia kwa sauti yote aliyopewa na Mungu. Mara hodi mlangoni: Sulaiman, natur wa jengo, mlinzi wetu wa chini.

"Baby? Who baby?"

Barbara akamfungulia huku anatabasamu. Barbara, Mganda, ndiye mwenye flati. Kaikata kwa mbao vyumba sita, akatupangisha. "TV hiyo, Sulaiman. Wahindi wanalia kwenye tamthilia."

Alipofunga mlango akaniambia taratibu, hata hakukunja uso, "Paska, nyabo, nakupenda. Lakini mwenye jengo akijua kuna mtoto asiye na karatasi, tunatoka wote. Akilia tena hivyo, tafuta pa kwenda."

Proscovia, Mganda mwenzake, mlinzi wa usiku, jirani yangu wa patisheni, akaamka kapandisha hasira. "Gwe Barbara! Mutoto akisikia radi asilie, afanye nini? Aimbe?" Halafu akanigeukia mimi. "Na wewe umunyamazishe, nimetoka kazini!" Huyu mama sauti yake ni kama geti la bati. Barbara anasema nawe vizuri hata akikukatalia jambo. Proscovia anakusaidia utadhani anakupiga.

12 Machi

Nimepata dawa! Nimefanya kama Ustadhi anavyofanya. Nikamwambia Irene tunacheza Sanamu. Nikisema "Sanamu!" anaganda hapo alipo, bila sauti. Najifunika uso kwa khanga. Khanga ikishuka akauona uso wangu mtupu, mchezo umekwisha, anapewa tende. Tende naokota ghalani, zile zilizopasuka, ila ni tamu.

Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili akajikuna. Mara ya tano, jamani, mwanangu aliganda mkono juu mguu nje mpaka nikaogopa mwenyewe. Khanga iliposhuka akapaa kunirukia.

13 Machi

Sanamu mara nyingi. Tende zimekwisha.

20 Machi

Leo nusura tuumbuke. Nilikuwa ngazini narudi, Sulaiman yuko mlangoni kwetu, sikio kwenye mbao. Nikakohoa, nikamsalimia kwa sauti, "Good evening, bhai!" Ndani Irene akaisikia sauti yangu, akaita, "Mama!"

Sulaiman akanitazama. Nikamwambia ni simu ya Barbara. Akasema, "I have good ear." Akashuka.

Nikaona kosa liko kwangu. Irene ameacha kulia, lakini sauti yangu inamfungua. Ustadhi alisema wale wa zamani hawakufunguliwa kwa sauti, maana sauti yoyote inadanganya. Walifunguliwa kwa uso wa mwalimu tu. Basi usiku nimeongeza sheria. "Irene, ukiwa sanamu, hata mama akikuita usijibu. Hata mama akilia. Mpaka uone nini?"

Akanigusa shavu, pua, shavu.

"Eee. Mpaka uone uso wa mama."

26 Machi

Nilisimama nyuma ya pazia nikamwita kwa majina yote. Irene. Kipenzi. Mama mdogo. Kimya. Nikasema, "Irene, mama anaumia, njoo." Kimya. Nikashusha khanga nikampa tende mbili. Nililia kidogo kwa furaha.

2 Aprili

Joto linaanza. Rangi ya dhahabu inawasha kwapani. Nimefanya kazi ya kwanza mlangoni mwa moli, mtoto wa Kizungu kanipiga teke la ugoko. Sikusogea. Ustadhi kanibusu kichwani. Rangi naiosha hukohuko kazini, sitaki Irene aniogope.

10 Aprili

Nitaandika hili ingawa linaniuma.

Leo darasani tuliambiwa kila mtu abebe kitu anachokipenda, kitu kisichoonekana. Mmoja kabeba gitaa, mwingine sufuria ya wali. Mimi nikamwinua Irene. Nikamweka begani, nikamtengeneza nguo, nikamnusa kichwa. Wenzangu wakaacha vitu vyao, wakanitazama. Hata muuza iliki wa chini aliyeleta chai akasimama na sinia.

Ustadhi akaniita pembeni kwa upole. Nikamweleza yote, kwamba ni mtoto wa kweli, hana karatasi, yuko Karama. Akanishika mkono, macho yakamlowa. Akasema arbab Ghanim, mwenye kampuni, ana watu wake kwenye ofisi za karatasi. Nikifanya vizuri siku ya onyesho kubwa kabla ya Ramadhani, atamwomba atutolee njia ya kurudi nyumbani, mama na mtoto. Nikapiga magoti. Akaniinua.

Baada ya chai tukapanda juu ya masanduku kwa jaribio. Akatupitishia barafu shingoni, manyoya puani, matusi ya mama zetu. Sikusogea. Mara akachukua simu, akasikiliza, akanigeukia, sura imemwanguka.

"Paskazia. Flati wanapiga. Mtoto ameanguka dirishani."

Sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka nimefika mlangoni, kiatu kimoja, na nyuma yangu darasa zima linacheka. Ustadhi hakucheka. Aliinua simu nione kioo chake cheusi, imezimwa.

"Nobody died," akasema. "Only the statue died."

Akanifunga kitambaa usoni, nikasimamishwa nimeelekea ukutani mpaka mwisho wa darasa. Akaja kunong'ona sikioni mwangu, "Siku utakayosikia maneno haya tena na usisogee, siku hiyo umekuwa msanii. Na siku hiyo arbab atakusaidia."

Ni kwa faida yangu. Najua. Fundi hapigi ubao asiotaka kuutengeneza.

11 Aprili

Nimemwambia Proscovia. Kasema, "Huyo ustadhi, siku moja nitamukuta." Sikupenda. Yeye hajui sanaa.

19 Aprili

Vumbi. Anga ya rangi ya chai ya maziwa. Irene kaganda kabla hata sijasema Sanamu. Alisikia viatu vya Sulaiman kabla yangu.

24 Aprili

Barbara alikuwa na wageni, wanaume wawili na shoga yake wa hotelini. Akaniambia, "Nyabo, tuletee kale kasanamu kako, watu wakaone." Nilijivuna, nisiseme uongo. Irene alisimama mezani na gauni la njano, mikono kama ndege anayetaka kuruka.

Walianza kwa kumtekenya. Kimya. Barbara akamtia kipande cha barafu mgongoni. Kimya. "Banange! Hiki kitoto ni jiwe!" Mwanaume mmoja akampulizia moshi wa sigara machoni. Chozi likatoka jicho moja, likashuka, likafika kidevuni, na Irene hakupepesa. Wakapiga makofi. Na mimi nikapiga.

Proscovia akatoka chumbani na yunifomu, kofia mkononi. Alipoliona lile chozi alipiga meza teke, chupa zikalala. Akambeba Irene, Irene bado mgumu mikononi mwake kama kiti. "Nyinyi wachawi," akasema. "Wote. Na wewe Paska ndiye mukubwa wao."

Barbara akaniinulia mabega. "Wivu. Hana mtoto."

Nikacheka naye. Halafu nikaenda kujifunika khanga na kuishusha mbele ya Irene, maana kwa Proscovia hakutaka kulegea.

30 Aprili

Irene kaomba maji kwa mikono. Kashika kikombe kisichokuwepo, kakiinua, kanywa, kafuta mdomo. Naapa nilikiona kikombe. Nitamwonyesha Ustadhi siku moja.

Proscovia: "Mwambie aseme maji."

Nikamwambia, "Sema maji, mama." Irene akanitazama kama mtu anayeulizwa swali la mtego. Hakusema.

3 Mei

Nimejaribu kukumbuka mara ya mwisho aliposema neno. Naona ni ile "Mama!" ya mlangoni, siku ya Sulaiman. Haiwezekani. Lazima kasema mengine, nimesahau tu.

Atarudi kusema. Tukifika Muleba kuna mbuzi, kuna binamu zake, nani atanyamaza mbele ya mbuzi? Nitamwacha apige kelele mpaka majirani waje.

11 Mei

Nimemwambia asicheze tena tukiwa wawili. Hakuelewa. Kajifunika uso kwa gauni, kashusha, kaninyooshea mkono: nipe tende. Sasa yeye ndiye mwalimu. Nikaganda, nikafunguliwa, akanilisha tende kwa vidole vyake. Tulicheka, yeye kwa mabega tu.

18 Mei

Onyesho ni Ijumaa ya tarehe 27. Arbab Ghanim alikuja kututazama, harufu ya udi ikamtangulia. Ustadhi akaninong'onea kwamba keshamwambia habari zangu, kasema inshallah. Mchezo wenyewe: nitasimama katikati ya moli juu ya kiti cha juu, na mgeni yeyote atakayenifanya nisogee kwa maneno, bila kunigusa, atapewa zawadi. Nikishinda mpaka mwisho, nimeshinda kwa wote wawili, mimi na Irene.

25 Mei

Joto limekuwa kama kufungua tanuri la mkate. Proscovia ameitwa zamu ya mchana Ijumaa. Barbara kasema, "Usijali nyabo, mimi nipo, nitamwangalia." Mungu ambariki.

4 Juni

Naandika haya mahali pengine. Tuko wanawake wengi chumba kimoja. Askari wa kike, msichana tu, kanipa penseli na karatasi baada ya kuniona naandika hewani kwa kidole. Nitaeleza kama ilivyokuwa, sitaongeza.

Ijumaa ile nilipanda kiti saa za adhuhuri, dhahabu tupu toka nywele hadi kucha. Watu walijaa. Kila mtu na uchokozi wake. Kijana mmoja kasema nyoka yuko mguuni kwangu. Mama mmoja wa Kihindi kaimba. Mzungu kanitongoza kwa Kiswahili cha Mombasa, nusura nicheke. Ustadhi alikuwa pembeni na arbab Ghanim, na nilimwona kwa mkia wa jicho anavyotingisha kichwa kwa raha. Nilijiambia: simama, Paskazia, unamtoa mwanao nchi hii kwa miguu hii.

Ndipo Proscovia akaja. Alipenya katikati ya watu, akasimama chini yangu.

"Paska. Shuka."

Nikatazama mbali.

"Paska, wenzetu wa flati wamenipigia kazini. Watu wa mwenye jengo wamekuja. Wametoa watu wote flati, wamekata umeme, wamefunga na kufuli. Irene yuko ndani."

Watu wakacheka. Mtu akasema kwa Kiingereza, "Huyu anajua kuigiza!" Wakampigia makofi.

Nami nikawaza: ndiyo hili. Ustadhi alisema siku nitakayosikia maneno haya tena. Kumbe kamtumia Proscovia. Niliona wazi kabisa, kama mtu anayeona njia. Nikasema moyoni, safari hii huniangushi. Nikaganda zaidi.

"Paska, nakuomba. Nimemwita mlangoni, hajibu. Nimemwita! Barbara alimutia kabatini akamwambia Sanamu, halafu akatoka na masanduku yake."

Sikusogea. Namwandikia Mungu hili: sikusogea. Proscovia aliongea, akaongea, watu wakirekodi kwa simu, na mimi nikawa nahisi fahari inanipanda kifuani.

Halafu akaacha kuongea. Akavua kofia yake ya ulinzi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliye msibani. Alikuwa analia. Proscovia, ambaye hakulia alipofiwa na kaka yake. Kulia kwenyewe hakukuwa na sauti, na mwili wake ulikuwa umelegea kote, na miezi mitatu darasani ilikuwa imenifundisha kusoma mwili. Mwili wake haukuwa unaigiza.

Niliruka. Umati ukalipuka kwa shangwe, wakamwinulia Proscovia mikono, zawadi ni yake. Ustadhi akanishika bega. "You broke. You broke for the same lie!"

Nikamwambia, "Sir, si uongo, tusaidie, mwambie arbab, gari lake—"

Arbab Ghanim akauliza kwa Kiarabu ni nini. Ustadhi akamjibu, na akaniangalia wakati anajibu, "Sijui. Mtu wa kukodi tu. Khalas."

Tulichukua metro mpaka Karama. Watu walinipiga picha njia nzima. Mtoto mmoja alitaka kunigusa kama mimi kweli ni dhahabu.

Barbara tulimkuta kando ya barabara na masanduku, bado anasubiri teksi, kavaa miwani ya jua. Proscovia akamkamata gauni. Barbara akasema mbele ya Sulaiman, tena kwa ule upole wake, "Mtoto gani? Banange, Paska hana mtoto. Muulize natur." Akapanda teksi. Nilikuwa nikimwombea baraka.

Sulaiman alisimama mbele ya ngazi, mikono kifuani. "Mafi baby, hakuna. Tatu month nasikiliza mlango hii. Mafi baby. Baby in there, baby crying. Sulaiman anasikia."

Nikapanda. Kufuli jipya, mlango moto hata kuugusa. Nikaweka mdomo kwenye ufa.

"Irene! Ni mama. Mchezo umekwisha. Njoo mlangoni, mama, piga mlango!"

Kimya.

"Irene, mama analia, sikia, mama analia kweli."

Kimya kabisa. Na mimi nikajua maana yake. Yuko mle kwenye giza na joto, ananisikia, na anashinda.

"See?" akasema Sulaiman. "Mafi."

Nikapiga magoti nikamsihi avunje. Akasema ufunguo uko kwa wakala, na leo Ijumaa. Nikamwambia Proscovia apige polisi. Akanitazama. "Ukiita polisi, Paska, unajua." Nikasema najua. Akapiga.

Walikuja upesi, nisiwasingizie. Waliponiona walisita, mwanamke wa dhahabu anagonga kichwa mlangoni. Wakavunja. Joto lilitupiga usoni kama pumzi ya mnyama. Kabati ni lile la Barbara, la bati. Polisi akafungua.

Irene alisimama wima kati ya nguo, gauni la njano limelowa chapa, midomo imepasuka, mkono mmoja juu. Macho wazi. Alikuwa hai. Alikuwa hai, asante Mungu, kifua kilikuwa kinacheza kidogo sana, vile nilivyomfundisha kupumua asionekane.

Nikakimbia, nikaikamata shuka iliyoachwa, nikajifunika uso, nikaishusha.

Akaniangalia. Hakusogea.

Nikajifunika tena, nikashusha. "Ni mama! Ona uso wa mama!"

Nikaona alichokuwa anakiona. Mbele yake alikuwa amesimama mtu wa dhahabu, asiye na shavu wala pua anazozijua. Hakuwahi kuniona nimepakwa. Niliomba maji, mabomba yalikuwa yamefungwa. Nikajisugua kwa shuka, nikajisugua kwa mate, rangi ikachanika vipande, na kila kipande kilinifanya nitishe zaidi. Chozi likamtoka jicho moja, likashuka hadi kidevuni. Lile lile chozi.

Polisi wa kike alimnywesha maji kwa kifuniko cha chupa. Akamuuliza kwa Kiingereza, kwa upole, "Where is mama? This is mama?" Irene akatazama mbali, kama ninavyotazama mimi mtu anaponipiga picha.

Yule polisi akafungua daftari lake. Akasema mtoto atakwenda hospitali, mimi nitakwenda kituoni, vipimo vya damu ndivyo vitasema ni wa nani. Wakambeba. Alipita karibu nami mgumu vilevile, mkono juu, wakamwingiza kwenye gari kwa ubavu kwa sababu mkono haukukunjika.

6 Juni

Ramadhani imeingia. Wakristo pia tunapewa futari. Tende tatu tatu.

Rangi imebaki kwenye kucha na nyuma ya masikio.

8 Juni

Proscovia alikuja. Alikuwa amevaa yunifomu, amesimama mbali kidogo kama kawaida yake, ananifokea. "Umekonda! Kula!" Nikamwambia nilimcheka kwa kukosa mtoto. Kasema, "Nyamaza." Halafu kasema, "Hapana. Usinyamaze. Ongea." Nikaongea mpaka muda ukaisha. Amezunguka kila ofisi akisema yeye ndiye aliyempokea kwa taulo, yeye ni shahidi. Wanamwambia asubiri vipimo.

11 Juni

Leo wameniruhusu kumwona. Majibu ya damu bado, kwa hiyo hakuna kushikana, ni kupitia kioo tu. Nilinawa uso kwa sabuni mara sijui ngapi, ngozi inauma. Nilitaka auone kila kishimo.

Msichana yule wa penseli akanisimamisha kwenye mstari. Akanieleza taratibu, anajua kwamba nina shida. Usivuke mstari. Usipige kioo. Usilie wala usijifunike wala usifanye ishara zozote, maana daktari wa watoto kasema ishara zile zinamrudisha mtoto kule kule. "Stand only. You move, khalas, they take her, maybe no next time."

Nikasimama.

Wakamleta upande wa pili, ameshikwa mkono na mama mmoja mnene wa Kisudani. Kavalishwa gauni la bluu lenye mfuko. Kanenepa kidogo. Kaniona.

Kaniona uso. Nilijua kwa jinsi mabega yalivyoshuka. Akauacha mkono wa yule mama akaja mpaka kwenye kioo, akasimama, akanisubiri. Nami nilikuwa nimesimama kwenye mstari, mikono imening'inia, nimekaza meno machozi yasitoke.

Akanikagua juu mpaka chini. Nikaona anaelewa.

Akainua gauni akajifunika uso. Akalishusha. Akanionyesha uso wake mtupu, wote, shavu, pua, shavu.

Sikusogea.

Akadhani hajafanya vizuri. Akajifunika tena, akakaa muda mrefu humo ndani ya gauni, kitumbo nje, akashusha ghafla. Nyuma yangu nilimsikia askari anavuta pumzi. "Stand, sister," akasema. "Stand."

Mara ya tatu hakujifunika. Alinitazama tu, halafu akatabasamu, mabega yakatikisika vile anavyocheka sasa. Aliona kwamba mama yake ni hodari, hafunguki kwa lolote. Akaingiza mkono mfukoni akatoa tende ya futari aliyoificha, imekwisha kupondeka. Akaniletea zawadi yangu. Akainua mkono akaibana kwenye kioo, usawa wa mdomo wangu, akaishikilia hapo, anangoja nile.